Baba anatamani sarafu ya zama za Rhapta: ninunue ipi, au niache?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 36, naishi Leicester na mke wangu na binti yetu. Baba alifundisha historia sekondari hadi alipostaafu, na Desemba anatimiza miaka 75. Inshallah tutakuwa naye nyumbani siku hiyo. Tangu tukiwa wadogo mzee hachoki kusimulia habari za Rhapta, ule mji wa biashara unaotajwa katika Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha kale cha Kigiriki cha kuwaongoza mabaharia na wafanyabiashara. Ukimwambia huenda ulikuwa delta ya Rufiji mtabishana hadi usiku. Kwake yeye ni Pangani, basi. Mara nyingi amesema angependa, kabla hajaondoka duniani, ashike mkononi sarafu ya Kirumi ya zama zile.

Nimepitia maduka mengi ya mtandaoni yanayouza sarafu za kale, nikabaki na mbili. Zote ni dinari za fedha za Kaisari Nero, kwa kuwa nimesoma kwamba Periplus iliandikwa katikati ya karne ya kwanza.

Ya kwanza iko kwa muuzaji wa London, bei pauni 390. Nyuma ina Jupita, mungu mkuu wa Warumi, ameketi, na maandishi IVPPITER CVSTOS, yaani Jupita Mlinzi. Uzito gramu 3.38, upana milimita 18. Inakuja na kikaratasi cha mnada wa mwaka 1974. Muuzaji anapokea kadi na anatoa hakikisho la uhalali lisilo na mwisho.

Ya pili iko kwa mtu binafsi, pauni 230. Nyuma kuna mwanamke ameketi, na neno SALVS, jina la mungu wa kike wa afya na usalama. Uzito ameandika gramu 2.71. Anasema ilipatikana karibu na Kilwa miaka ya 1950 na ofisa wa serikali ya kikoloni, na kwamba imekaa katika familia yake hadi leo. Karatasi hana. Ameweka picha mbili tu, mbele na nyuma. Anataka nimtumie pesa kwa njia ya "marafiki na familia" ili akwepe makato, na ananihimiza kwa sababu eti kuna mnunuzi mwingine anayesubiri.

Mke wangu ananiambia, "Pauni mia nne kwa kipande cha chuma, na nyumba ya Muheza haina mabati?" Mimi namjibu kwamba hii ni akiba, sarafu ya kale haishuki thamani. Rafiki yangu anayesomea akiolojia naye ananitisha zaidi: anasema kununua sarafu yoyote ya kale ni kuwalipa watu wanaochimbua makaburi na magofu usiku.

Moyo wangu, Shangazi, umeegemea ile ya Kilwa. Hebu fikiria Baba akiambiwa Mrumi alifika na hii mpaka kwetu! Lakini sina amani. Ninunue ipi, au niache kabisa?

Mtoto wa Mwalimu, Leicester

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako ina mambo manne yaliyofungwa kwenye furushi moja: hamu ya mzee, uhalali wa sarafu, maneno ya rafiki yako, na mabati ya Muheza. Nitayafungua moja moja, nikianza na lile lililokushika moyo zaidi, yaani Kilwa.

Chukua kwanza kwamba hadithi ya muuzaji ni ya kweli. Tanganyika ya miaka ya 1950 haikuwa bila sheria. Ilikuwepo sheria ya kuhifadhi kumbukumbu za kale tangu 1937, na baada ya uhuru ikaja Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Dinari ya Nero iliyochimbuliwa Kilwa ingekuwa ugunduzi mkubwa mno. Wanaakiolojia wangetaka kujua ilitoka shimo gani, kina gani, ikiwa na vigae gani, na mahali pake pangekuwa makumbusho ya taifa. Ungekuwa unamletea mwalimu mstaafu kitu ambacho pengine yeye mwenyewe angekwambia ukirudishe. Sasa chukua kwamba si ya kweli. Basi umeuziwa jina la Kilwa, na mtu aliyebuni jina la mahali hana sababu ya kusita kubuni kitu chenyewe. Katika njia zote mbili sioni mahali ambapo hadithi hiyo inakusaidia.

Tena si hadithi mpya. Mwanzoni mwa karne ya 20 ofisa mmoja wa Kiingereza alitoa habari za sarafu nyingi za kale alizodai kuzipata Bur Gao, kusini mwa Somalia, za Misri ya wafalme akina Ptolemi, za Kirumi na nyinginezo za baadaye sana. Wataalamu wameitilia shaka habari hiyo kwa sababu mkusanyiko wenyewe unaruka karne nyingi, na hakuna aliyezichimbua kwa utaratibu wa kuaminika. Pwani yetu ina ushahidi wa biashara ya kale, lakini sarafu za Kirumi zisizo na shaka ndizo adimu.

Na Periplus yenyewe inatoa sababu. Mzee wako bila shaka anaikumbuka orodha: mikuki iliyotengenezwa Muza kule Yemen, mashoka, visu, nyenzo za kutobolea na vyombo vya kioo ndivyo vilivyoletwa Azania, jina la kale la pwani yetu, pamoja na divai na ngano kidogo za kutafutia urafiki. Vilivyotoka Rhapta ni pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Kwa baadhi ya bandari nyingine mwandishi anataja fedha taslimu. Kwa Rhapta hataji. Kwa hiyo huenda hata ile dinari halali ya London haikuwa sarafu ya biashara ya pwani yetu. Ulipomsikia Baba akisema "sarafu ya zama zile", wewe ukasikia "dinari ya Nero". Ulimuuliza? Pengine anachotaka ni kushika kitu ambacho watu wa wakati ule walikishika, na hapo mlango ni mpana kuliko unavyodhani. Nitarudi hapo.

Tuje kwenye mizani. Mwaka 64 baada ya Kristo Nero alipunguza uzito wa dinari: badala ya kutoa 84 katika ratli moja ya Kirumi, wakaanza kutoa 96, yaani wastani wa kama gramu 3.4. Dinari za Jupita Custos na za Salus zote ni za baada ya mabadiliko hayo. Gramu 3.38 imekaa inapotakiwa. Gramu 2.71 imepungua kwa kama sehemu ya tano, na upungufu huo unahitaji maelezo. Yanaweza kuwa matatu. Sarafu imelika sana au imeliwa na udongo, lakini hapo ingeonekana imechakaa, na bei ya pauni 230 ingekuwa kubwa. Au ni ya kale kweli lakini bandia ya kale: kiini cha shaba kilichovikwa ngozi ya fedha. Hizo zipo nyingi, zina wapenzi wake, ila huuzwa zikitajwa hivyo na kwa bei ndogo. Au imetengenezwa juzi.

Namna ya kujua haiko kwenye picha mbili alizoweka. Omba picha ya ukingo, sarafu ikizungushwa pande nne. Dinari iligongwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili, kwa hiyo ukingo wake huwa na nyufa ndogo na chuma kilichosukumwa nje bila mpangilio. Iliyomiminwa kwenye kalibu huacha mstari unaozunguka ukingo, au alama za tupa palipofutwa mstari huo. Tazama pia uwanda ulio kati ya herufi: vishimo vidogo vya duara ni mapovu ya hewa ya chuma kilichomiminwa, na herufi zake huwa laini kama sabuni iliyotumika, hata pale ambapo uso wa Nero haujachakaa. Kwa bandia iliyovikwa fedha, tafuta wekundu wa shaba au kijani kinachochungulia kwenye pua, shavu, na ncha za herufi, maana hapo ndipo ngozi hutoboka kwanza.

Halafu linganisha. OCRE, hifadhidata ya bure ya American Numismatic Society, chama cha Marekani cha elimu ya sarafu, ina aina za sarafu za makaisari pamoja na picha za makumbusho. Tovuti ya acsearch ina picha za minada ya miaka mingi. Hufananishi aina tu, unatafuta pacha. Kila kipande kilipogongwa kilipata umbo lake, ufa wake, na mahali pake pa kuegemea upande. Ukikuta sarafu mbili zenye ufa uleule, mahali palepale, na umbo lilelile la duara lililopinda, mojawapo ni nakala ya nyingine, na mara nyingi zote mbili ni nakala za ya tatu. Hiyo ndiyo kasoro inayowaumbua waghushi kuliko zote.

Malipo ya "marafiki na familia" yanakuondolea ulinzi wote wa mnunuzi, na huyo wa pili anajua. Huko Uingereza ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu kinachozidi pauni 100, kampuni ya kadi inabeba dhamana pamoja na muuzaji chini ya kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya 1974, mradi ulipe moja kwa moja kwa muuzaji bila wakala katikati. Na ukinunua kwa mbali kutoka kwa mfanyabiashara, kwa kawaida una siku 14 za kubadili nia tangu kitu kikufikie. Mtu binafsi hana wajibu huo kwako. Kuhusu mnunuzi mwingine anayesubiri, mwache asubiri.

Lakini usidhani nakusukuma London. Huko nako kuna ya kuuliza. Kikaratasi cha 1974 kinaweza kuwa cha sarafu nyingine; vikaratasi huhama. Muulize jina la mnada, tarehe, namba ya bidhaa, na kama ilipigwa picha kwenye katalogi. Ikiwa picha ipo, linganisha umbo la ukingo. Ikiwa haipo, hicho ni kidokezo tu, si ushahidi. Muulize kama ni mwanachama wa BNTA, chama cha wafanyabiashara wa sarafu wa Uingereza, au IAPN, cha kimataifa. Uanachama si hirizi, ila unakupa mahali pa kupeleka malalamiko. Na hilo hakikisho lisilo na mwisho, soma linasemaje: anarudisha pesa zote? Nani anaamua kwamba ni bandia? Likiandikwa kwenye ankara lina nguvu kuliko likiwa kwenye tovuti peke yake.

Rafiki yako wa akiolojia ana hoja, usimpuuze. Balkani na Syria kuna watu wanaopita na vifaa vya kutambua metali, wakang'oa sarafu na kuharibu tabaka za udongo ambazo ndizo zenye habari. Sarafu zao huishia kwenye mafungu ya "hazijasafishwa" yanayouzwa kwa bei ya chini bila jina la mwenye mali wa mwanzo. Ila neno "yoyote" katika kauli yake ni pana mno. Ulaya watu wamekusanya sarafu za Kirumi kwa karne nyingi, na zilizotoka kwenye makusanyo ya zamani ziko nyingi. Mstari ambao makumbusho mengi huutumia ni mwaka wa Mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni, 1970. Kikaratasi chako, hata kikiwa cha kweli, kimechelewa miaka minne. Kwa baadhi ya watu hiyo inatosha, kwa wengine haitoshi. Hapo ni wewe na dhamiri yako, na naona ni vizuri umuulize rafiki yako yeye angetaka karatasi ya namna gani ili aridhike. Huenda akakusaidia kuitafuta.

Sasa ule mlango mpana. Merikebu za Azania ziliondoka bandari za Misri kwenye Bahari ya Shamu, na mali yao ilipitia Aleksandria. Misri ilikuwa na sarafu yake iliyozunguka humo humo tu: tetradrakma, kubwa kuliko dinari, kama milimita 24 na gramu 12 hadi 13, ya fedha iliyochanganywa na shaba nyingi. Za Nero, hasa za mwaka wa 10 hadi wa 14 wa utawala wake, ni nyingi sana sokoni, na nzuri ya kutosha hupatikana kwa chini sana ya pauni 390. Mwaka umeandikwa juu yake: L ni alama ya "mwaka", kisha tarakimu za Kigiriki. LIB ni mwaka wa 12, yaani 65 hadi 66. Ipo aina inayoonyesha mji wa Aleksandria kama mwanamke aliyejifunika kichwani ngozi ya tembo. Sarafu hiyo nayo huenda haikufika Rhapta, tusijidanganye. Lakini aliyeandika Periplus alikuwa mfanyabiashara wa Misri, na za aina hiyo ndizo alizonunulia mkate. Aina zote ziko kwenye Roman Provincial Coinage, orodha ya sarafu za majimbo ya Roma, ambayo unaisoma bure mtandaoni.

Ina hatari zake pia. Misri ilipiga marufuku biashara ya vitu vya kale mwaka 1983, kwa hiyo karatasi zinazoonyesha kwamba sarafu ilikuwa nje kabla ya hapo zina uzito wa pekee. Na iko hatari ya Tanga yenyewe: joto, unyevu na chumvi ya bahari. Shaba ikipata chumvi na unyevu huota unga wa kijani hafifu unaokula ndani kwa ndani, na ukianza hausimami wenyewe. Dinari ya fedha itafifia rangi tu. Tetradrakma inaweza kuugua. Kwa hiyo ile ya bei rahisi ndiyo itakayotaka ulezi. Iweke kwenye kifuko cha Mylar, plastiki salama isiyo na PVC; usitumie plastiki laini yenye PVC kwani hutoa ute wa kijani, kisha ndani ya kikopo kinachofunga vizuri pamoja na vijifuko vya silika vinavyofyonza unyevu, na umwonyeshe Baba namna ya kuvibadilisha. Mwambie pia asiisugue kwa ndimu wala majivu, hata mjukuu akimwomba aone inavyong'aa.

Kusafiri nayo: kabla ya kulipa, muulize muuzaji kwa maandishi kama sarafu hiyo inahitaji leseni ya kutoka Uingereza, ambazo hutolewa na Arts Council England. Iliyochimbuliwa kwenye ardhi ya Uingereza ina masharti makali kuliko iliyoingia kutoka nje, hata ikiwa ya bei ndogo. Nasema hivyo kwa sababu utakutana na sarafu za Kaisari Konstantino za pauni 20 zilizopatikana mashambani huko, na zitakuvutia. Usiitume kwa posta. Ibebe kwenye mkoba wa mkononi, na ankara yenye picha iende pamoja nayo. Nakala nyingine abaki nayo Baba, ili kesho na keshokutwa asiwepo wa kuuliza kama ilichimbuliwa Pangani.

Limebaki la mkeo. Umemjibu kwamba sarafu haishuki thamani. Sivyo kabisa, mwanangu. Bei ya dukani ina faida ya muuzaji ndani yake. Ukirudi kuiuza kesho utapewa pungufu, na mnadani utakatwa kamisheni. Huenda baada ya miaka bei ikapanda, huenda isipande. Ukiiita zawadi mtazungumza kitu kimoja. Ukiiita akiba, ana haki ya kuilinganisha na mabati, na mabati yatashinda. Nimeisoma barua yako tena: yeye hakusema usimnunulie Baba sarafu. Alitaja pauni mia nne. Je, mmewahi kukaa mkataja kiasi ambacho hakitamuuma? Huenda kikawa 100, huenda kikawa 150, huenda ukashangaa. Na ndugu zako je? Dinari ya pauni 390 ikigawanywa kwa watoto wote wa mwalimu ni jambo jingine, kama wamo wanaoweza.

Unaweza pia kumpigia Baba simu, bila kumwambia lolote la kununua, ukamuuliza tu: Mwalimu, ungepata nafasi ya kushika sarafu moja ya zama zile, ungechagua ya Roma au ya Aleksandria? Atakujibu kwa saa nzima, lakini jibu litakuwemo.

Ukiamua kuendelea na yeyote kati ya wauzaji hao, omba kwanza picha za ukingo na uzito uliopimwa kwa mizani inayosoma sehemu mia za gramu, kisha niandikie. Nitazitazama nawe.

Shangazi